Kofia ya Salma na Sweta la Mkono Mmoja

Siku moja ya mvua haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, ingawa nimesahau mambo mengi makubwa kuliko hiyo. Nilikuwa kijana wa gereji hapahapa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, mikono myeusi kwa mafuta, na chumbani kwangu kulikuwa na mtoto mchanga ambaye miguu yake ilikuwa baridi kama spana iliyolala nje. Alikuwa mtoto wangu wa kwanza.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu ile kofia unayomfumia mtoto wa dada yako atakayezaliwa. Ina masikio ya sungura na vifungo vinavyong'aa. Ukaniuliza, "Babu, si ni nzuri?" Nikanyamaza. Unanijua, mimi sinyamazi ovyo. Shule niliiacha darasa la tatu, na hili duka la vipuri nimelijenga kwa mikono hii bila mjomba wala shangazi. Sisemi ili unisifu, ingawa ukinisifu sitakataa. Nasema ujue kwamba ninachokijua nilikipata kwa kukigusa.

Wakati ule wanaume wa Buyenzi tulikuwa tunafuma kofia za sala. Usicheke. Kazi ikiisha, tulikaa barazani, kila mtu na uzi wake mweupe wa pamba na kroshe yake, ile sindano fupi yenye ndoano kwenye ncha. Kofia zangu zilijulikana. Zilikuwa ngumu, zilisimama zenyewe hata bila kichwa, na matundu yake niliyapanga kama maua. Watu walitoka Cibitoke kuja kuniomba niwafumie ya Idi. Nami nilitembea kifua mbele.

Mke wangu Zaina alipokuwa na mimba, alikataa kitu chochote cha mtoto kuingia nyumbani kabla hajazaliwa. Mama yake alimfundisha hivyo: mtoto hajafika, usimtandikie. Nikamheshimu kwa mdomo. Kule gereji nikafuma kwa siri kofia ndogo nyeupe ya sala, nikaificha kwenye kopo la nati, kwa maana nilishaamua mwenyewe kwamba huyo ni mtoto wa kiume.

Akaja wa kike, na akaja kabla ya wakati wake. Tulimwita Salma. Kichwa chake hakikuzidi chungwa. Muganga, yaani daktari, aliyemzalisha alimpima, akamsikiliza kifuani, akatuambia maneno ambayo hata leo naweza kuyarudia: ni mdogo lakini anapumua vizuri, mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, anyonye kila mara, kichwa kisibaki wazi. Akikataa ziwa au akizidi kuwa baridi, msingoje, mumlete.

Kichwa kisibaki wazi! Moyo wangu ukaruka kwa furaha, mwanangu, si kwa hofu. Nikakimbia gerejini kwenye kopo langu la nati.

Kofia ilikuwa kubwa kwake, nikaibana ukingo kwa uzi. Nikamvalisha, nikarudi nyuma hatua kutazama, kama mtu anayetazama gari alilolipaka rangi. Ilimkaa juu ya utosi kama sahani. Zaina alimkumbatia mtoto zaidi. Alikuwa amepoteza damu nyingi, akisimama anaona giza, na tangu kujifungua hakuwa amemtoa mtoto kifuani hata kidogo.

Ikaja siku hiyo ya mvua. Ilianza asubuhi, ile mvua ya kwetu inayogeuza njia kuwa mto, na ubaridi ukaingia mpaka ndani. Watu wanasema Bujumbura ni joto tu. Mwenye kusema hivyo hajawahi kukaa na mtoto wa aina ile chini ya bati linalovuja.

Zaina akaniita kwa sauti ndogo. "Baba Salma, mbona analala sana? Shika hapa."

Nikashika mguu. Ulikuwa baridi. Nikashika wa pili, nikiomba uwe tofauti. Ulikuwa vilevile. Midomo ilikuwa bado myekundu, ziwa alilishika lakini akaliacha upesi, kama mtu aliyechoka kula. Tukamzungushia kitenge kichwani. Kila alipogeuka, kitenge kiliteleza kikamwangukia puani, na hilo likatutisha zaidi. Nikamtuma rafiki yangu Hamisi, fundi mwenzangu, akatafute kofia ya sufu sokoni. Akarudi ameloa mpaka mifupa, na kofia aliyoleta ilimmeza mtoto mpaka kidevuni.

"Ndiyo ndogo yao ya mwisho," akasema. "Labda tumungoje akue."

Hakuna aliyecheka.

Ndipo akaingia Bibi Nahayo. Huyu alikuwa jirani yetu, mama wa Kirundi kutoka kule juu Mugamba, kwenye baridi ya kweli, aliyekuwa akiuza mboga za lengalenga mlangoni kwake. Alikuja kumsalimia mzazi. Alipomwona mtoto akasema "Yoo!", akaacha kikapu mlangoni, akainama. Hakutazama uso wa Salma. Aliingiza mgongo wa kidole chake shingoni kwake, kisha akashika nyayo. Mwisho akaichukua kofia yangu nyeupe, akapitisha kidole kwenye tundu la ua, kikatokea upande wa pili.

"We kijana, iyi ni kofia ama ni chujio?"

"Ni kofia ya sala, bibi. Nimeifuma mwenyewe."

"Mutoto anakwenda kusalisha wapi na iyi mvua? Tena ni binti!" Akaigonga kwa kucha, ikalia kama karatasi. "Masikio iko inje. Upepo unapita. Uliifuma ya nani?"

"Ya mtoto wangu."

"Apana. Uliifuma ya macho ya watu. Mutoto hukumushika hata mara moya ukamuuliza."

Mwanangu, nimetukanwa na madereva wa malori, nimetukanwa na wakubwa wenye kola. Hakuna maneno yaliyoniingia kama yale. Nilitaka kujibu, kwa sababu mimi hujibu, lakini Salma alitoa sauti ndogo, si kilio, ni kama mlango unaofunguka mbali, nikamgeukia yeye.

"Tumupeleke kwa muganga?" nikauliza.

Bibi akatazama nje, maji yalikuwa yanafika kwenye kizingiti. "Bado anashika ziwa. Tunamupasha joto kwanza. Akikataa, hata mvua ya mawe tunatoka, mi namubeba mwenyewe. Sasa vua shati, nawa mikono mpaka kwenye viwiko. Mama yake amechoka, joto lake limekwisha. Weka mutoto kwa kifua yako."

Mwanamume wa Buyenzi, wakati ule, kumbeba mtoto kifuani kama mama? Nilimtazama Hamisi. Hamisi akatazama dari. Nikavua.

Walimfunga Salma kwangu kwa kitenge cha Zaina, uso wake umegeukia pembeni, pua wazi. Nilidhani nitahisi mzigo. Nilihisi kama wameniwekea ndege. Na huyo ndege alikuwa na baridi, baridi ile ikaniingia kwenye mbavu.

"Na sufu?" Bibi akauliza. "Nani iko na sufu humu ndani?"

Nilikuwa na sweta moja, jekundu. Nililivaa tulipopanda na malori kwenda Bugarama, ambako baridi hukata masikio, na kila dereva alilijua. Ndilo vazi pekee nililolipenda. Bibi alipolinusa akakunja pua. "Mazutu," akasema, ile dizeli ya malori. Kabla sijafungua mdomo, alikuwa ameshakata mshono wa begani, ametoa mkono mzima, na uzi unafumuka mikononi mwake, umejikunja kama nywele.

Uzi ule ulipaswa kuoshwa. Aliuosha kwa sabuni, akausuuza, akaunusa, akauosha tena. Kisha ukawa umeloa, na nje ni mvua. Hapo ndipo nilipojua kungoja ni nini. Aliuzungusha kwenye mgongo wa kiti barazani, mbele ya jiko la makaa, Hamisi akiugeuzageuza kama mtu anayechoma mshikaki, nami ndani na ndege wangu, nahesabu pumzi na kupoteza hesabu. Ilikuwa nyepesi sana. Nilikuwa nazuia yangu ili niisikie yake. Mara nyingine sikuisikia, na ndani yangu kila kitu kikasimama, mpaka niliposikia kifua chake kikipanda tena chini ya kidevu changu.

"Bibi, umekauka?" nikaita.

"Bado."

"Sasa je?"

"Bado! Unataka kumuvalisha maji?"

Hamisi akachungulia mlangoni. "Eh, fundi! Sasa utanyonyesha?"

"Nyamaza, geuza uzi," Bibi akamwambia, na Hamisi akageuza uzi.

Hatimaye Bibi akaniletea uzi, una joto la makaa. Akaupitisha shavuni mwake kwanza, kisha kwenye shavu langu. Nikachukua kroshe yangu. Nikaanza kama nilivyozoea, vidole vikaenda vyenyewe kwenye maua. Bibi akanipiga kofi mkononi.

"Bana! Usiache njia ya upepo."

Nikafumua, nikaanza upya. Duara ndogo, vitanzi vimeshikana, naongeza kidogo kila mzunguko, na kila mzunguko naupeleka juu ya kichwa cha Salma pale kifuani kwangu. Yeye ndiye aliyekuwa kipimo. Ilipofunika utosi nikaacha kuongeza, ikaanza kushuka kama bakuli. Ikifika mahali inapobana, Bibi aliingiza kidole: kikipita kwa shida ananiambia fumua. Ikilegea ananiambia fumua, itamwangukia puani. Nilifumua zaidi ya nilivyofuma, mwanangu. Mimi, ambaye watu walitoka Cibitoke kunitafuta. Na kila nilipofumua niliogopa, maana uzi ulikuwa unarudi nyuma na mtoto hakuwa na muda wa kurudi nyuma.

Kofia iliyotoka ilikuwa mbaya. Nyekundu iliyopauka, nene, haina hata ua moja, imefunika masikio na kisogo. Isingenunuliwa na mtu. Bibi akamvalisha, akaipapasa pembeni, akaacha nyusi na uso wote wazi. Akasema, "Sasa tungoje." Hakusema itakuwa sawa. Nilimchukia kwa hilo wakati ule, leo namheshimu.

Tukangoja. Zaina alinyoosha mkono kutoka kitandani akashika nyayo za mtoto, hakuziachia. Mvua ikapungua juu ya bati. Sijui ni muda gani ulipita. Najua tu kwamba Zaina alisema, "Baba Salma," na sauti yake ilikuwa nyingine. Nikashusha mkono wangu mpaka kwenye mguu ule. Haukuwa na joto kama wangu, lakini haukuwa chuma tena. Na Salma akaanza kugeuza kichwa chake chekundu huku na huku juu ya kifua changu, mdomo wazi, anatafuta.

"Huyo hakutaki wewe," Bibi akacheka kwa mara ya kwanza. "Mupe mama yake."

Akanyonya. Akanyonya kwa hasira. Asubuhi tulimpeleka kwa muganga njia zilipopitika, akamshika miguu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatuambia tuendelee hivyohivyo.

Mimi nikarudi kazini. Tulipopanda Bugarama tena, nilivaa sweta langu jekundu lenye mkono mmoja. Madereva walinicheka njia nzima. "Fundi, panya wamekula?" Sikujibu, mimi ninayejibu. Kule juu upepo ulinipiga kwenye mkono ule mtupu mpaka ukafa ganzi, na kila ulipouma nilifurahi, kwa sababu nilijua ule mkono wa sweta uko wapi, na unafanya kazi gani.

Basi, mwanangu, hili ndilo jibu la swali lako la juzi. Kofia yako ni nzuri ya kupiga picha. Toa hivyo vifungo, mtoto atavitia mdomoni. Masikio ya sungura yaache kwa sungura. Fuma kwa kubana, kwa uzi laini uliofuliwa, kisha ngoja mtoto azaliwe na uimalizie juu ya kichwa chake mwenyewe. Weka kidole chako ndani ya ukingo. Usiache ishuke puani. Shika miguu yake kabla hujatazama uso wake. Ukiona hashiki ziwa au baridi haimtoki, weka kroshe chini ukimbie kwa muganga, kofia haimtibu mtu. Na si kofia tu nisemayo. Ukitaka kumfanyia mtu jambo, iwe mke, iwe mgonjwa, iwe mzazi wako, mguse kwanza ujue baridi yake iko wapi, usimletee kile kinachokupa wewe sifa.

Na mama mzee asiyejua kusoma akipitisha kidole kwenye kazi yako, kaa kimya umsikilize.

Mungu akupe mikono isiyochoka na moyo unaokubali kufumua. Ampe dada yako mtoto mwenye miguu ya moto, anayenyonya kwa hasira. Nawe ukifika umri wangu, upigwe na upepo mahali ulipojivua kwa ajili ya mwingine, na ufurahi. Amina.