Mashine Iliyovikwa Sufu

Kila aliyeingia katika chumba cha Chelangat pale mtaani Kaptembwo aliona kitambaa kwanza, kompyuta baadaye. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua ya samawati katikati na vishada vilivyoning'inia mbele na nyuma ya kasha la mashine. Mama yake, Jepkemei, alikifuma mwezi wa kwanza mwaka huo wa 2008, siku zile za ghasia za baada ya uchaguzi, watu walipojifungia ndani wakisikiliza barabara. Alikuwa amekuja kutoka Njoro kumjulia hali tu, njia zikafungwa, akakaa majuma. Hawakuwa na mengi ya kuzungumza. Sindano ndiyo iliyozungumza, tangu chai ya asubuhi hadi giza. Kitambaa kilipokwisha, mama akainuka, akatafuta kitu cha kukivika. Makochi yalikuwa na vyao. Redio ilikuwa na chake. Hata mtungi wa maji ulikuwa umevaa. Kompyuta peke yake ndiyo iliyokuwa uchi.

"Hiki ndicho kinakulisha," mama akasema, "na umekiacha kikila vumbi."

Ni kweli, kilimlisha. Chelangat alijifunza kupiga taipu Gilgil, akafanya kazi ya kupanga maua katika mashamba ya Naivasha miaka kadhaa, vidole vikifa ganzi ndani ya maji baridi, mpaka akapata pesa za kununua kompyuta iliyochoka kutoka ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha zake. Tangu hapo aliwachapia watu wa mtaa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Mwaka huo ratiba za mazishi zilikuwa nyingi. Alizichapa polepole, akiyasoma majina mara mbili, kwa sababu aliona kukosea jina la marehemu ni kama kumsukuma kaburini.

Mvua zilipoanza, mashine ikaanza kuzimika. Haikutoa onyo. Ilifanya kazi kitambo, kisha pu, kioo cheusi, na maneno yote yamekwenda. Na wakati huohuo ikaja kazi kubwa kuliko zote: shule moja ya mtaa wa Rhonda, iliyokuwa imepokea watoto wengi waliokimbia makwao tangu Januari, ilitaka mitihani ya muhula ichapwe, pamoja na michoro.

"Ukiniangusha, madam, naipeleka kazi hii mjini," mwalimu mkuu alimwambia, akicheka, lakini hakuwa akitania.

Chelangat alijaribu kuweka mchoro wa mmea wa hindi na mizizi yake. Mashine ikajivuta, ikajivuta, ikazimika. Akakaa mbele ya kioo kile cheusi akajiona humo, na nyuma yake akaona Naivasha na maji yake baridi yakimngoja.

Alikuwa na akiba ya kutosha kununua kitu kimoja tu. Kaka yake Kigen alimshauri anunue prosesa mpya. "Prosesa ndiyo roho," alisema. "Badilisha roho, mengine yatafuata." Basi akalifunga kasha kwa kitambaa kilekile, akalipakata nyuma ya baiskeli ya boda boda, akashuka mjini kwa Amarjit, mfanyabiashara aliyeuza vipuri vya kompyuta, vipya na vya mkono wa pili.

Amarjit alimtazama akishuka. "Mama, umeniletea mtoto ama kompyuta?"

"Mgonjwa, boss. Nataka umwekee prosesa mpya."

"Aii, ngoja. Bodi hii ya ndani ni ya zamani. Prosesa mpya haiwezi kukaa hapa. Utanunua bodi, halafu memori ya bodi hiyo, halafu pawa ya kuilisha umeme. Utabaki na kasha tu." Akafungua skrubu. "Inasumbua vipi?"

"Inajivuta. Halafu inazima yenyewe."

"Hayo ni magonjwa mawili. Kujivuta ni memori, iko kidogo. Kuzima..." Akaligeuza kasha, akainamia feni ya nyuma, akachukua kibano. Akavuta uzi mweupe. Akauvuta tena, ukaja mrefu, na mwingine wa samawati ukaufuata. Feni yote ilikuwa imefungwa kama donge la sufu.

"Mama," akasema taratibu, "hii mashine inalala na blanketi?"

"Hailali. Nafanya nayo kazi."

"Na blanketi juu?"

Chelangat alikuwa akitazama ua la samawati la kitambaa pale kaunta, na kishada kimoja kilichokosekana.

"Hata mke wangu ameivisha kompyuta ya nyumbani," Amarjit akasema. "Mimi mwenyewe naogopa kumwambia." Akautoa mtandao wote wa nyuzi, akapuliza vumbi, feni ikazunguka. Kisha akamwekea kijiti cha memori ya mkono wa pili kando ya ile ya zamani. Akiba ilitosha, ikabaki nauli.

Mashine haikuzimika tena. Mmea wa hindi ukakaa kwenye ukurasa, na mizizi yake yote. Lakini Jumapili ilikuwa inakuja, na mama, aliyekwisha kurudi Njoro, alikuwa anakuja na kibuyu chake cha maziwa. Chelangat alikifua kitambaa, akakikunja, akaandaa uongo kwamba bado hakijakauka.

Mama aliingia, akatua kibuyu. "Umekivua."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Chelangat akautazama mkono wa mama, ule wa sindano, na uongo ukakataa kutoka. "Mama, kilikuwa kinaifunga pumzi. Njoo." Akamshika mkono ule akauweka nyuma ya kasha.

Jepkemei alikaa hivyo kwa muda, kiganja wazi, macho kayafumba kidogo, kama mtu aliyeweka mkono puani mwa ndama. Hewa ya uvuguvugu ilimgonga vidole.

"Kumbe," akasema. "Na mimi nilikuwa naiziba." Akaomba makasi. Akakata vishada, kimoja kimoja, bila haraka, akakunja kile kitambaa kilichobaki bila pindo. "Ikimaliza kazi na kupoa, uifunike. Ikifanya kazi, iache."

Chelangat akarudi kwenye mtihani wa darasa la tano. Mama akaketi nyuma yake, akatoa uzi mpya.

"Huo ni wa nini?"

"Wewe chapa," mama akasema. "Nimeona kiti chako hakina kitu."