Mwaka Mama Alipohutubia Kaloleni

Kila Jumamosi asubuhi nyumba ya Bi Zuhura ilinukia wanga uliochemshwa na makaa ya pasi. Harufu hiyo ilitoka kwenye dirisha la jikoni kwake, ikavuka uchochoro mwembamba uliotenganisha nyumba yao na yetu, ikatukuta tungali tunakunywa chai. Mama akiisikia aliweka kikombe chini hata kama chai haijaisha, akajifunga leso kiunoni, akatoka. Nikajua sitamwona tena mpaka jua la adhuhuri. Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Kaloleni, katika zile nyumba za mawe za baraza la mji zenye vigae vyekundu, na ukumbi ukiwa katikati ya mtaa. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati Waafrika wa Kenya walipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wangeweza kuchagua watu wao wenyewe wa kwenda kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Nyumbani kwa Bi Zuhura ndiko wanawake wa chama cha siasa walikokutana. Walikuwa wamenunua jora la amerikani, kitambaa cheupe cha pamba, huko Eastleigh, wakalikata vitambaa vya kichwa, na kila Jumamosi walivifua, wakavitia wanga na kuvipiga pasi, kisha wakatoka wamejifunga wote sawasawa, wakaenda nyumba kwa nyumba.

Bi Zuhura alikuwa mwanamke mrefu, mwenyeji wa Mombasa, mke wa fundi cherehani. Alijua jina la kila mtu mtaani, na jina la mama yake pia. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kiasi kwamba hata akikugombeza ulitamani aendelee. Lakini herufi za kizungu hakuzijua. Alisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu tu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni. Alihitaji mtu wa kumwandikia majina ya wapiga kura, na ndivyo alivyomfuata mama yangu. Mama alikuwa amesoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni huko kwetu magharibi, na mwandiko wake ulikuwa umesimama wima kama askari. Nakumbuka Bi Zuhura alivyoingia kwetu siku ya kwanza bila kubisha sana, akaketi kwenye kiti cha baba na kusema, “Mama Robai, mwenzangu, nimekuja kukuazima mkono wako wa kulia.”

Mama alicheka akitazama chini. Alikuwa mpole kupita kiasi, na mjini alikuwa mgeni bado. Alikuwa na miaka mitatu tu Nairobi, na muda mwingi alikaa ndani na mdogo wangu Yosia, kwa sababu aliona haya kusema. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu. Herufi g ilimshinda. Katika kinywa chake iligeuka k. Gari likawa kari, gazeti likawa kazeti. Mjini hilo lilikuwa jambo la kuchekesha watu, na mama alilijua. Lakini Bi Zuhura hakucheka. Alimwambia tu, “Wewe andika, kusema tutasema sisi.” Basi mama akaenda kuandika, na baada ya wiki mbili akawa anasema pia, maana huwezi kusimama mlangoni pa mtu na daftari mkononi ukamtazama tu.

Kura yenyewe haikuwa ya kila mtu. Serikali ilitaka uwe na elimu ya kiwango fulani, au kazi ya mshahara fulani, au mali, au utumishi wa miaka mingi. Ukitimiza masharti ulijiandikisha. Watu wa kabila fulani walibanwa zaidi kwa sababu ya Hali ya Hatari iliyotangazwa wakati wa Mau Mau, na katika safu yetu kulikuwa na nyumba mbili ambazo wenyewe walichukuliwa wakapelekwa vizuizini, nazo hazikutajwa kwa sauti. Hivyo waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuwa wachache, na wachache hao wengi wao walikuwa waoga. Waliogopa waajiri wao, waliogopa wapelelezi, na wengine walisema tu kwamba hakuna kitakachobadilika. Kazi ya akina mama ilikuwa kuwatafuta mmoja mmoja, Kaloleni, Mbotela mpaka Makongeni, kuwaeleza siku, mahali na namna ya kutia alama, na kuwaomba wasikose.

Baba alikuwa mmoja wa wachache hao. Alikuwa karani katika ghala la kampuni moja eneo la viwanda, na nyumba tuliyoishi tuliipata kupitia kwa mwajiri wake. Jioni moja alirudi akavua koti polepole, akamwambia mama kwamba karani mkuu amemwita pembeni. “Ameniuliza kama yule mwanamke mwenye daftari ni mke wangu.”

“Ukamwambiaje?”

“Ningemwambia nini? Nimesema ndiye.” Akalitundika koti msumarini. “Mama Robai, kazi ikienda, nyumba imekwenda. Watoto tutawalaza wapi? Mwachie Bi Zuhura mambo yake.”

Mama aliendelea kupakua mboga. Jumamosi iliyofuata harufu ya wanga ilipotufikia, aliketi akaitazama chai yake muda mrefu, na baba akajifanya anasoma gazeti. Kisha mama akainuka, akajifunga leso, akasema kwa upole ule ule wake, “Nitarudi mapema leo.” Baba hakuinua macho. Tangu siku hiyo nyumba yetu ilipoa. Hawakugombana, lakini walizungumza kupitia kwetu watoto: mwambie baba maji ya kuoga yako tayari, mwambie mama nimeyaona.

Mimi nami nilikuwa na donda langu. Huko alikokuwa akienda, mama aliwaomba watu “kupika kura”. Hakuweza kusema kupiga. Watoto wa mtaani walilisikia, na baada ya siku chache wakawa wananiimbia nikienda kuchota maji bombani: Robai, kura zimeiva? Mama yako anapika kwa nyama au kwa maharagwe? Nilijifanya sisikii. Kisha siku moja nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho. Kundi la wasichana wa shule lilikuwa limeketi ukutani, mama akapita ng’ambo ya njia na daftari lake, akaniona, akainua mkono. Msichana mmoja akasema, “Huyo anayekupungia ni nani?” Nikasema ni mtu wa chama, simjui vizuri. Wakacheka, nami nikacheka. Mama akashusha mkono, akaenda zake. Sijui kama alisikia. Jioni alinipa chakula changu kama kawaida, na kipande cha nyama kilikuwa kikubwa.

Bi Zuhura, nadhani, alijua kila kitu, maana hakuna kilichompita katika mtaa ule. Siku za mwisho kabla ya uchaguzi nilimkuta na mama jikoni kwake, wameinamia beseni la vitambaa, mikono imejaa povu. “Piga,” akasema Bi Zuhura. “Pika,” akasema mama. “Piga. Hapa kooni, kama unayemeza tonge.” “Pi-ka.” Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka mama akaketi sakafuni. Sikuwa nimewahi kumwona mama akicheka hivyo, mdomo wazi, machozi yakimtoka. Nilisimama mlangoni nikamwonea wivu Bi Zuhura.

Mkutano mkubwa wa mwisho ulifanyika ukumbini, Jumapili baada ya ibada. Wanaume walizungumza kwanza, wakazungumza sana. Kisha ikaja zamu ya wanawake, na Bi Zuhura ndiye aliyepangwa kusema. Lakini sauti ilikuwa imemkauka kwa wiki zile za kuzunguka. Alipofungua kinywa kikatoka kitu kama mkwaruzo wa kiti. Akageuka, akamshika mama mkono, akamsogeza mbele. Mimi nilikuwa katikati ya ukumbi, nimebanwa na watu. Nilitamani ardhi inimeze. Niliona kile kitambaa cheupe kilichokakamaa kwa wanga, na uso wa mama chini yake, mdogo, umelowa jasho.

Alisalimu. Akasema jina lake. Akasema, “Nimekuja kuwaomba muende mpike kura.”

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mwanamume mmoja wa mbele, fundi viatu aliyejulikana kwa mzaha, akasimama: “Mama, tutazipika kwa mafuta gani?” Kicheko kikazidi. Mama alisubiri. Hakutazama chini. Alisubiri mpaka kikapungua, kisha akasema, na sauti haikuwa kubwa lakini ilifika:

“Nimesema kupika? Haya, na iwe kupika. Moto tumewasha sisi wanawake. Tumetembea mlango kwa mlango mpaka nyayo zimepasuka. Lakini unga hatuna. Mimi sina kura. Masomo yangu hayatoshi, mshahara sina. Huyu Bi Zuhura aliyewafuata ninyi nyote hana kura. Wewe baba unayecheka, unayo?”

Fundi viatu akaitikia kwa kichwa.

“Basi unga uko kwako. Siku hiyo ukikaa nyumbani, umetulaza njaa sisi na watoto wetu.”

Akarudi kusimama karibu na Bi Zuhura. Kisha vigelegele vikaanzia pembeni walikokuwa akina mama, vikaenea, na yule fundi viatu akasimama tena, safari hii akivua kofia. Mimi nilikuwa nalia. Niligeuka nisionekane, na ndipo nikamwona baba. Alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani na nusu nje, Yosia amelala begani mwake. Hatua chache kutoka kwake alikuwapo karani mkuu wa kazini kwake, akimtazama. Baba alimwona vizuri. Hakuondoka.

Siku ya uchaguzi wanaume walipanga foleni tangu alfajiri, na wanawake wachache wenye elimu. Mama na Bi Zuhura walishinda pale nje siku nzima, wakiwapa maji waliosimama juani, wakiwatuma watu kuwaita waliochelewa. Ndani hawakuingia, hawakuwa na la kufanya ndani. Baba alipotoka kupiga kura alikwenda moja kwa moja mpaka aliposimama mama, akamwambia, yeye mwenyewe, bila kumtuma mtoto, “Tayari.” Mgombea wetu alishinda. Mtaa uliimba, na Bi Zuhura, ambaye sauti yake ilikuwa bado haijarudi, alipiga beseni kwa mwiko.

Hazikupita wiki nyingi barua ikaja. Baba alihamishiwa katika depo ndogo ya kampuni, katika mji mdogo wenye vumbi njia ya kwenda Mombasa. Barua haikutaja sababu, na hakuna aliyeuliza. Asubuhi lori lilipokuja, Bi Zuhura alilipanda yeye mwenyewe, akapanga sufuria na magodoro, akamfokea dereva kwamba vyombo vya watu si mawe. Alifanya kazi ile kwa hasira mpaka kila kitu kikakaa sawa. Kisha akashuka, akamfunga mama vizuri leso yake kama anavyofungwa mtoto, akaingia ndani kwake bila kuaga. Mama hakulia mpaka tulipoupita Mto Athi.

Barua za Bi Zuhura zilikuja mbili, zimeandikwa na mumewe kwa niaba yake. Ya tatu hatukuipata. Baadaye tulisikia wamerudi pwani, na kila mama alipokutana na mtu wa Mombasa alimuuliza habari za fundi cherehani fulani na mkewe mrefu. Hakupata aliyewajua. Alikuja kupiga kura yake ya kwanza miaka kadhaa baadaye, katika ule mji wa vumbi, ambako hakuna aliyejua kwamba mwanamke yule mpole aliwahi kusimama mbele ya ukumbi. Kuhusu siku ile ya ukutani nilimwomba msamaha nikiwa mtu mzima, mwenye watoto wangu. Alisema hakumbuki. Mama yangu alikuwa hodari wa kukumbuka, kwa hiyo nilijua amenipa zawadi. Naye baba, katika uzee wake, nilimuuliza kama aliwahi kujutia uhamisho ule. Akafikiri, akasema, “Ninachojuta ni kwamba sikuingia ndani nikakaa kiti cha mbele.”

Sasa mimi ni mzee kuliko walivyokuwa wote wakati ule. Nimerudi Nairobi, ninaishi katika ghorofa huko Umoja, na kila uchaguzi ninapiga kura bila kuulizwa nimesoma wapi. Wagombea wananiandikia kwenye simu kwa jina langu kamili, wengine mara tatu kwa siku, na magari yenye vipaza sauti yanapita chini ya dirisha langu mpaka vioo vinatetemeka. Mara ya mwisho nilifika kituoni mapema. Kijana mmoja alinitoa kwenye foleni kwa heshima, akanipeleka mbele kwa sababu ya umri wangu, mashine ikakitambua kidole changu, na baada ya dakika chache nilikuwa nimemaliza. Nilitoka uani nikiwa na wino mbichi kidoleni. Watu walikuwa wengi sana, kila mmoja amesimama na simu yake, na mimi nikakaa kwenye ngazi kidogo, nikizitazama nyuso zile, nikitafuta mtu mmoja wa kumwambia, kama baba alivyomwambia mama, “Tayari.”