Maneno Niliyomwekea Mrefu Kinywani

Kila Jumatatu asubuhi, ninapowasha kompyuta ya pekee iliyomo katika ofisi yetu ya walimu, feni yake hukoroma kwanza kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati, kisha hutoa harufu ya vumbi linaloungua polepole. Walimu wenzangu hukimbilia kufungua dirisha. Mimi hubaki nimeshika mgongo wa kiti, kwa sababu harufu hiyo hunirudisha Igogo, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Sijapata kumweleza mtu kwa nini. Nawaeleza ninyi, nikiomba mnivumilie hadi mwisho.

Nyumba yetu ilijengwa kwa kuegemea jiwe kubwa, kama zilivyo nyumba nyingi za vilima vya Mwanza, hata ukuta wa nyuma wa chumba hicho ulikuwa jiwe lenyewe. Wakati wa masika lilitoka jasho, na sisi watoto tulipenda kuligusa kwa mashavu. Mjomba Lameck, mdogo wake mama, aliweka humo televisheni, mashine moja ya gemu, mabenchi mawili na pazia la kanga mlangoni, akawa amefungua kibanda. Vijana wa mtaani walikuja kucheza mpira wa kwenye kioo kwa kelele ambazo mama alisema zingeweza kulipasua jiwe. Lakini Jumamosi asubuhi, kabla ya wateja hao kuamka, Mjomba alituruhusu sisi watoto kucheza gemu la anga za juu.

Mashine haikuwa na kadi ya kutunza kumbukumbu. Kila Jumamosi tulianza upya, tukipokezana, na yeyote aliyekufa alimwachia mwenzake. Gemu lilihusu wasafiri wawili waliokwama katika kituo kibovu kilichozunguka mwezi usio na hewa. Walivaa mavazi mazito na kofia za kioo cheusi, kwa hiyo hatukuwahi kuona nyuso zao. Mmoja tulimwita Mrefu, mwingine tukamwita Mfupi. Walitengeneza mabomba, walipigana na mitambo iliyoharibika akili, na walipochoka waliketi wameegemeana migongo kama ng'ombe wawili kwenye zizi la baridi.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Ninyi mliokulia nchi hii mnaijua desturi hiyo: filamu za kigeni tulizitazama zikiwa na sauti ya DJ aliyetufasiria kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. DJ mzuri aliwabatiza wahusika majina mapya, aliwatania, na mwigizaji aliponyamaza, yeye aliongea kwa niaba yake. DJ anayekaa kimya, tulisema, ni DJ asiyejua lugha. Nami nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza darasa la sita, nikateuliwa bila kura. Nilipomsikia Mrefu akisema "roja" kila mara katika redio, neno ambalo sikujua kuwa maana yake ni "nimekusikia" tu, nilitangaza kwamba Roja ni rafiki yao wa tatu, anayekuja na chakula. Kwa majuma kadhaa chumba kizima kilimngoja Roja. Hakufika, na hakuna aliyenishuku, walimlaumu Roja.

Minza alikaa daima pembeni yangu kwenye benchi, akichungulia mdomo wangu kuliko kioo. Alikuwa rafiki yangu tangu chekechea, mtoto mkimya, mwenye subira isiyo ya umri wake. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa kuwa baba hakuwepo na mama yake alikuwa ameondoka miezi minne kabla ya Jumamosi ninayotaka kuwasimulia, kwenda Arabuni kufanya kazi za ndani.

Siku ya kuondoka kwake nilikuwepo. Mama Minza alikwenda kwanza kuwaaga ndugu zake Misungwi, nasi tukakutana naye kumuaga njia panda ya Usagara, ambako basi la Dar lingempitia. Tulisimama kati ya wauza matikiti na mahindi ya kuchoma. Basi lilipofika, alipanda ngazi moja, akasita, akashuka. Akamgeuza Minza, akaufungua mkanda wa gauni lake nyuma, akaufunga upya, ingawa haukuwa umelegea. Mikono yake ilikaa pale kwenye fundo kwa muda ambao kondakta aliuona mrefu. Kisha akapanda, hakusema neno, akaketi upande wa pili ambako hatukuweza kumwona. Bibi alitukataza kulia njiani. Alisema, "Anayelilia msafiri anamfungia njia ya kurudi." Tulirudi mjini tumebana midomo.

Sasa njooni na mimi hadi Jumamosi ile. Kwa mara ya kwanza tulifika mahali ambapo hatukuwahi kufika. Chombo kimoja kidogo kilikuwa kimepona, nacho kilibeba mtu mmoja tu. Mrefu alitembea katika ujia mrefu hadi mlangoni pa chombo. Akasita. Akarudi. Akamgeuza Mfupi, akaushika mkanda wa mtungi wake wa hewa, akaukaza. Mkono wake ukabaki pale. Kofia zao zikagusana. Kisha Mrefu akaingia katika chombo, mlango ukafungwa, na Mfupi akabaki amesimama chini ya taa moja inayofifia.

Hapakuwa na maneno. Kulikuwa na sauti ya upepo tu, au kitu kama upepo.

"Kamkacha!" alipiga kelele Doto, mtoto wa fundi cherehani. "Kamwacha akafe, huyo!"

"Acha ushamba, we Doto. Kaenda kuleta mafuta."

"Mafuta gani? Kuna sheli mwezini?"

"DJ! Edina! Mbona umenyamaza? Kasema nini?"

Niligeuka. Minza hakuwa akicheka. Alikuwa ameuona mkanda, kama nilivyouona mimi, na mkono wake mmoja ulikuwa umekwenda nyuma ya gauni lake mwenyewe. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Edina, atarudi?"

Nilijua ananiuliza nini. Naomba mlitie hilo moyoni, kwa sababu kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua. Na kwa kuwa nilimpenda, na kwa kuwa chumba kizima kilikuwa kikinisubiri, nilishusha sauti kama madijei wanavyofanya, nikasema: "Anamwambia, nisubiri hapa hapa. Usisogee. Nitakuja kukuchukua."

Hilo "usisogee" liliingia kwa sababu ya mdundo tu. Sentensi ilionekana fupi bila hilo.

Mara picha ikaganda, kisha kioo kikawa buluu. Diski ilikuwa imekwaruzwa mahali pale pale, na kila tulipofika hapo baadaye iliganda vilevile, mpaka Mjomba akaitupa. Kwetu sisi hadithi iliishia kwenye maneno yangu. Minza alishusha pumzi, akaniegemea begani, na siku hiyo, mara ya kwanza tangu Usagara, alikula ugali wote aliowekewa.

Mama yake alipiga simu kwa mwaka mmoja hivi, akipitia simu ya Bibi. Baadaye akapiga mara moja kwa miezi miwili, akiongea harakaharaka kama mtu anayesikilizwa. Baadaye namba ikawa haipatikani. Wakala aliyemsafirisha alikuwa amehama, na ofisini walikokwenda kuuliza waliambiwa walete nakala ya pasi ya kusafiria, ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Bibi aliacha kuizungumzia habari hiyo mbele yetu.

Tulipomaliza darasa la saba, sote wawili tulifaulu. Ndipo alipofika mama mdogo wa Minza, Rebeka, aliyeolewa Musoma na mume mwenye duka la vipuri. Alikuja na sare mpya ndani ya mfuko, akitaka kumchukua Minza akasome sekondari huko, kwa maana Bibi alikuwa ameanza kuvimba miguu na hakuweza tena kuuza mboga. Lilikuwa jambo jema lililonyooka, la aina ambayo haiji mara mbili katika nyumba ya watu maskini. Minza alikataa.

"Mama akirudi atanikuta wapi?" ndilo jibu pekee alilotoa. Walimsihi, wakamkemea, mchungaji akaitwa. Mtoto yule mpole, ambaye hakuwahi kubishana hata juu ya kipande cha muwa, alikaa kwenye kigoda chake asiinuke.

Mama mdogo akanifuata nyumbani. "Shikamoo, mama mdogo," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye rafiki yake. Zungumza naye. Sisi watu wazima tumeshindwa."

Nilimkuta Minza nyuma ya nyumba yao, akisugua sufuria kwa majivu. Nilimwambia kwamba Musoma ni karibu, kwamba mama yake angeweza kuelekezwa. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Lakini wewe mwenyewe ulisema. Alimwambia asisogee."

Wasomaji wangu, hapo ndipo pa kusema. Palikuwa na nafasi ya kutosha; majivu yalikuwa kwenye mikono yake na hakuwa na haraka. Ningeweza kumwambia kwamba hapakuwa na sauti katika picha ile, kwamba maneno yale niliyatunga. Lakini nilikuwa DJ, na wa kwanza kwa Kiingereza, na nilikuwa nimebakiza majuma mawili niingie sekondari nikiwa na sifa hiyo. Nikaona aibu. Nikaokota sufuria nyingine nikamsaidia kusugua.

Mama mdogo alirudi tena mwezi wa pili. Mara ya tatu hakuja.

Yaliyofuata ni mafupi kuyasimulia kuliko yalivyokuwa kuyaishi. Minza aliacha shule ya kata kidato cha pili ili amuuguze Bibi. Bibi alipofariki, nyumba ilidaiwa na wajomba waliokuwa hawajaonekana kwa miaka. Akahamia Igombe, kwa mama mmoja mwenye dagaa, akazaa na kijana mvuvi, wakapata binti, na kijana naye akavuka ziwa akakaa hukohuko. Mimi nilisonga mbele. Nilisoma, nikaingia chuo cha ualimu Butimba, nikajifunza kuandaa somo na kutetea haki ya mtoto kupewa elimu iliyo kweli. Niliandika insha ndefu juu ya haki hiyo. Nilipewa alama nzuri.

Nikiwa mwaka wa mwisho wa chuo, niliikuta sehemu ile ya gemu kwenye simu, imewekwa na mtu nisiyemjua. Niliitazama bwenini kwa visikilizi, mchana, nikairudia hadi simu ikapata moto. Hapakuwa na neno. Kile tulichokiita upepo kilikuwa pumzi za Mfupi ndani ya kofia yake. Chini ya picha hiyo, katika maoni, watu wa nchi mbalimbali walikuwa wakibishana: wengine wakisema Mrefu alimkimbia mwenzake, wengine kwamba alikwenda kuleta msaada akafia njiani, wengine kwamba kule kukaza mkanda kulikuwa kuomba radhi. Katika sehemu zilizofuata za gemu, ambazo hatukuwahi kuziona, Mrefu hatajwi tena. Waliolitengeneza hawakueleza.

Mwezi uliopita nilikwenda Igombe. Sikwenda mikono mitupu: nilikuwa nimemtafutia Minza nafasi katika darasa la watu wazima, na chumba nilichopanga Butimba kingetutosha sisi watatu. Niliamini kwamba nikimwondolea kwanza maneno yangu, atakuwa huru kuinuka. Nilimkuta mchangani akigeuza dagaa kwa ufagio, binti yake akifukuza yangeyange.

"Ee, Mwalimu!" alisema akicheka. "Umenenepa. Chaki ina mafuta siku hizi?"

Tulicheka. Kisha nikamweleza yote, wima, nikiwa nimeshika mkoba wangu. Nikamwonyesha picha ile kwenye simu, nikamwekea visikilizi masikioni kwa mikono yangu. Aliitazama hadi mwisho. Alinirudishia simu taratibu, kwa uangalifu wa mtu mwenye mikono ya samaki.

"Ulipokuwa mtoto ulisikia," alisema. "Umesoma sana, sasa husikii."

"Minza, nilitunga. Nakuapia."

"Sawa." Akageuza mstari mwingine wa dagaa. Nikamweleza juu ya darasa na chumba. Alinishukuru kwa heshima kubwa, heshima ambayo marafiki hawapeani. Kisha akatikisa kichwa. "Igogo wote wanajua niko Igombe. Akifika pale ataambiwa. Butimba nani atamwelekeza?"

Utotoni nilidhani tumaini ni kitu ambacho mtu anaweza kumgawia mwenzake bila kupungukiwa, kama kumwangazia kwa taa yako. Baadaye, chuoni, nilidhani ukweli ni dawa hata ukichelewa. Ninachokiona sasa ni kidogo zaidi, nacho hakinisaidii. Jumamosi ile Minza aliniuliza swali lenye jibu la kweli. Lilikuwa neno moja, na nililijua kwa lugha zote nilizozijua. Sijui. Ningelisema, labda angelia, na labda tungelia pamoja kinyume cha agizo la Bibi, na majira ya shule yalipofika angeinuka kutoka kwenye kile kigoda. Leo ningelisema bila kusita. Lakini Minza haniulizi tena.