Amri za Mkato za Mkwe Wangu

Kompyuta ya parokia yetu, hapa mtaa wa Makomeno, kusini mwa Katanga, haina picha wala rangi. Ni mashine kuukuu iliyotolewa katika ofisi moja ya mgodi, na ilipotufikia ilichelewa sana kufungua kila kitu, hata nikaamua kuondoa mapambo yote. Tangu hapo tunafanya kazi kwenye skrini nyeusi, kwa kuandika amri kwa maneno. Padri alipoiona mara ya kwanza aliniuliza kama imekufa.

“Haijakufa, Padri,” nilimjibu. “Inangoja kuambiwa.”

Kwangu si jambo geni. Nilianza kazi nikiwa msichana katika chumba cha kompyuta cha kampuni ya madini, wakati mashine moja ilijaza ukuta mzima, na sisi wanawake wachache tuliokuwamo tulivaa sweta hata mwezi wa kumi, watu wa nje wakitokwa jasho, kwa sababu mashine zilipenda baridi kuliko sisi. Namshukuru Mungu kwa kazi ile. Ilisomesha watoto wangu, na uzeeni imenipa njia ya kuitumikia parokia.

Tunachohifadhi ni nyimbo. Wazee waliotoka kaskazini mwa Katanga kuja kuchimba shaba na kujenga reli walikuja na nyimbo za ibada za Kiluba ambazo hazikuandikwa popote. Tunawaita mmoja mmoja, wanaketi mbele ya maikrofoni, wanaimba, tunaweka. Baadhi yao tumekwisha kuwazika. Sauti zao zimo mle ndani, na zikipotea hakuna wa kuimba tena.

Mtu wa skrini nyeusi huchoka kuandika maneno marefu yaleyale kila siku. Basi kuna faili moja iliyofichwa, ambamo unaiambia mashine: neno hili fupi lisimame badala ya amri ile ndefu. Mimi nilijitengenezea maneno yangu. Nikiandika “leo”, inanionyesha nyimbo zilizorekodiwa siku hiyo tu. Nikiandika “safi”, skrini inafutika. “Nafasi” inaniambia diski imebakiwa na nafasi kiasi gani. Na neno kubwa kuliko yote lilikuwa la kunakili: ukiliandika kabla ya kuzima mashine, nyimbo zote mpya zinakwenda kwenye diski ya nje, ile tunayoifungia kabatini. Hapa umeme hukatika bila kuaga, na asiyenakili anajitafutia msiba. Neno hilo la kunakili lilikuwa jina langu la nyumbani, nililopewa na bibi yangu. Ni fupi, na vidole vyangu vinalijua. Diski nayo niliipa jina hilohilo, isije ikachanganywa na diski za kwaya.

Asubuhi nilifanya kazi mimi. Alasiri alifanya mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho. Mimi najitolea, lakini yeye parokia humlipa, na tangu duka la kaka zake mjini lilipofungwa, kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba yao. Ni kijana wa Kivu Kaskazini, wa ukoo wa wafanyabiashara wa jumla.

Katika desturi yetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawazungumzi isipokuwa kupitia kwa mtu wa tatu. Heshima hiyo tunaiita buko. Yeye, siku ya mahari, alinijia mbele ya ukoo mzima, akanishika mkono na kuutikisa kama anayenipongeza kwa kununua simenti. Shangazi za binti yangu waliziba midomo. Nikajisemea kwamba huyu ni mtu wa mbali, buko haijui na hataijua.

Baada ya ndoa alibadilika, ila kwa namna ambayo sikuipenda. Kengele ya saa sita ikilia ninasikia pikipiki yake nje, kisha kimya. Nikitoka namkuta amesimama nyuma ya tangi la maji, amegeukia ukuta. Hageuki mpaka nimepita lango. Nilijiuliza mara nyingi: mtu anayetazama ukuta anaficha nini usoni?

Kisha ikaja asubuhi moja ya Jumanne. Taa ilikuwa inatetemeka, nikaona afadhali ninakili mapema kabla umeme haujaondoka. Kwa kawaida asubuhi na mapema hakuna cha kunakili, kwa kuwa zamu ya alasiri imekwisha kufanya hivyo. Niliandika jina langu, na majina ya nyimbo yakaanza kuteremka kwenye skrini, mstari baada ya mstari. Zilikuwa nyimbo zote za alasiri ya jana. Hakuna aliyezinakili.

Mashine ile hukumbuka kila amri iliyoandikwa, na ukiiuliza inakutolea yote kwa mpangilio. Nikaiuliza. Jina langu lilikuwapo kila saa sita, mwisho wa zamu yangu, ndipo nilipozichukua na zake bila kujua. Alasiri halikuwapo hata siku moja. Mkwe wangu hakuwahi kuliandika.

Jioni binti yangu alipita kuniletea mboga. Nikamuuliza kama mtu asiye na haraka.

“Bwana yako anakopiaka nyimbo, akimaliza kazi?”

“Anakopiaka, mama. Kila siku. Juu ya nini unauliza?”

“Hapana. Nauliza tu.”

Basi ama yeye alimdanganya mkewe, ama binti yangu alinidanganya mimi. Kesho yake niliiomba mashine initajie maneno yote ya mkato iliyofundishwa. Ikaniletea yangu, na chini yake nikaona moja ambalo sikulitengeneza: “kopi”. Nililisoma polepole, kama ninavyosoma barua ya serikali. Lilichukua nyimbo zote, za asubuhi na za alasiri, na kuzipeleka kwenye flash, kidude ambacho hakikuwapo mezani wala kabatini. Kwa hiyo kiliingia na kutoka mfukoni mwa mtu.

Hapo mambo mengine yote yakajipanga. Kila Jumamosi mkwe wangu huenda Kipushi, ambako kaka zake sasa wanafanya biashara ya kuvuka mpaka. Hapa mjini wapo vijana wanaokaa barabarani na kujaza nyimbo katika simu za wapita njia kwa malipo. Nikawaona wazee wetu wakivushwa kwenda Zambia pamoja na sabuni na mafuta ya kupikia.

Siku hiyohiyo, baada ya misa ya jioni, Padri alinisimamisha kwenye ngazi.

“Mama, Jumapili halmashauri itaamua kama mkwe wako anaendelea mwaka mwingine. Wanasema watafuata neno lako. Kazi iko muzuri?”

“Niachie mpaka Jumapili, Padri.”

“Kuna kitu?”

“Sijui kama kuna kitu.”

“Mama, weye ukisema ‘sijui’, miye sitalala.”

Nami sikulala vizuri. Nilishika rozari, na katikati ya fumbo la pili nikajikuta nafikiria barabara ya Kipushi. Nilimwomba Mungu anipe subira, kwa maana neno langu moja lingetosha kuiondoa sahani mezani pa binti yangu, na ukimya wangu ungetosha kuwapoteza wazee.

Siku iliyofuata nilifanya jambo ambalo buko hairuhusu. Kengele ya saa sita ilipolia nilitoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka, nikaingia chumba cha mapambo ya altare kilicho ubavuni mwa ofisi, ambacho mlango wake haufungi sawasawa. Nikaangalia kwa upenyo.

Aliingia. Alisimama kwanza akitazama kiti changu. Kisha akakisogeza kando kwa ncha za vidole, akavuta kigoda kutoka nyuma ya kabati na kukalia hicho. Nikawaza: hataki hata kiti kijue kwamba alikuwapo. Alifanya kazi vizuri, sitasema uongo. Mzee aliyekuja kuimba, mkwe wangu alimhudumia kwa adabu, akampa maji, akamwomba arudie ubeti ambao kikohozi kiliukata. Mzee alipoondoka, mkwe wangu alitoa flash katika mfuko wa shati, akaichomeka, akaandika neno fupi, akangoja. Akaichomoa, akaifunga katika leso safi, akairudisha mfukoni. Aligusa mfuko kuhakikisha. Nikasema, sasa nimeona kwa macho yangu.

Jumamosi nilijua yuko Kipushi, kwa hiyo nikaenda nyumbani kwao. Binti yangu alikuwa anasonga bukari.

“Bwana yako iko wapi?”

“Ah, mama, unajua. Kipushi, kusaidia bandugu yake kushusha mizigo. Atarudia na mugongo wa kuuma, na miye njo nitamukanda.”

“Na ile flash yake?”

“Iko mu kabati, chini ya bitenge byangu. Anasema muntu asiiguse. Hata miye.”

“Na juu ya nini nyimbo za parokia zinalala chini ya bitenge byako?”

Aliacha mwiko ndani ya sufuria. “Mama, unatafuta nini?”

“Natafuta kujua kama bwana yako ni mwizi. Kesho bataniuliza.”

Nilidhani atalia. Badala yake aliketi kwenye kizingiti na kucheka mpaka akashika ubavu.

“Mwizi! Mungu wangu! Mama, lile neno lako la kukopia, ni neno gani?”

“Unalijua.”

“Liseme.”

“Ni jina yangu.”

“Voilà! Na weye unataka mukwe wako aandike jina yako kila siku na vidole yake, kama vile anaita mutoto wa jirani?”

“Yule ni muntu wa Kivu. Anajua nini ya buko?”

“Miye njo nilimufundisha! Unakumbuka siku ya mahari, vile batantine, bashangazi yangu, balimucheka? Alisikia haya, hakukula. Aliniomba nimufundishe yote, na nikamufundisha yote. Asikuangalie. Asikalie kiti yako. Asitaje jina yako. Akauliza: na kuandika? Nikamwambia kuandika na kutaja ni sawasawa.” Alipangusa macho kwa kitenge. “Pengine pale nilizidisha kidogo.”

“Na diski ya kabatini?”

“Si nayo uliipa jina yako? Angeipelekea nyimbo namna gani bila kuiita? Akanunua flash na feza yake. Anaifichaka kama hostia.”

“Angeniambia, ningebadilisha.”

“Angekuambia na kinywa gani? Alinituma miye. Nikasema, nitamwambia mama.” Akanyanyuka haraka kwenda kutazama bukari iliyoanza kuungua. “Nikasahau. Donc ukitafuta mwizi, niko hapa, nifunge.”

Nilisikia vizuri, na moyo wangu ulianza kutulia. Lakini nimefanya kazi na mashine miaka mingi, na maelezo mazuri si nakala.

“Leta hiyo flash,” nikasema.

Aliileta juu ya sahani, imefunikwa kitambaa, kama chakula kinachotoka nyumba ya mkwe. Nadhani alinikejeli, lakini niliipokea kwa mikono miwili.

Parokiani nikaichomeka. Kuna amri ya kulinganisha: unaipa mahali pawili, nayo inatafuta tofauti. Ikiipata inakuonyesha. Vitu vikifanana, haisemi kitu, inakurudishia tu mstari mtupu. Niliandika flash upande mmoja, nyimbo za mashine upande wa pili, nikangoja. Mashine ilisoma kwa muda mrefu, wazee wote, walio hai na waliozikwa, wimbo kwa wimbo. Kisha ikaniletea mstari mtupu.

Nilifungua ile faili iliyofichwa na kufuta jina langu. Diski ya kabatini nikaiita “nyimbo”. Neno la mkwe wangu, “kopi”, nikaliacha, ila nikaliongezea kazi: sasa linapeleka kwanza kabatini, kisha kwenye flash. Vidole vyangu vizee vingejifunza.

Jumapili Padri alinikuta mlangoni mwa kanisa.

“Mama, leo nitalala?”

“Lala, Padri. Aendelee.”

“Na ile ‘sijui’ yako?”

“Nimekwisha kujua.”

Jumatatu kengele ilipolia nilirudisha flash mezani juu ya sahani yake, nikaweka kigoda mbele ya mashine, nikatoka. Alikuwa nyuma ya tangi, amegeukia ukuta. Binti yangu angeweza kusahau tena, kwa hiyo nilisimama upande wangu wa tangi, nikaliambia lile bati:

“Jina limetoka. Diski inaitwa nyimbo. Neno ni kopi.”

Kisha nikasikia mtu akikohoa kidogo, kwa adabu, nami nikaenda zangu.

Asubuhi iliyofuata nilifika mapema, nikaiuliza mashine ilichoambiwa jana alasiri. Ikanitolea. “Kopi” ilikuwapo. Na chini yake, kabla ya kuzima, mkwe wangu alikuwa ameandika ile amri ndefu ya kulinganisha, yote kwa mkono, bila mkato: flash yake upande mmoja, diski yangu upande wa pili. Naye hakuniamini.

Nilicheka peke yangu mle ofisini. Nikamshukuru Mungu, nikajifunga kitambaa kichwani vizuri, nikaandika “leo”.