Usingizi wa Jirani

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa kaa la moto kwa majirani, kijijini kwetu kwenye milima ya Kibakwe, nilijua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha: usingizi hauongezeki duniani. Uliopo ni ule ule tangu zamani, watu wanagawana. Ukimwona mtu amelala fofofo, basi kuna mwenzake mahali fulani anakodoa macho. Ndiyo maana wazee waliuogopa mzizi wa usingizi. Ukiuchimba na kumnywesha mgonjwa wako, walisema, huutoi usingizi ardhini. Unauvuta kutoka nyumba ya karibu.

Nimeyakumbuka hayo wiki hii, ofisini hapa Dodoma. Neema, binti ninayefanya naye kazi chumba kimoja, aliniona napiga miayo tangu asubuhi, akaniwekea kichupa cha vidonge mezani.

"Dada, jaribu hii. Inaitwa ashwagandha. Nimeinunua pale Majengo. Mawazo yanatulia, unalala kama mtoto."

Kwenye kichupa kulikuwa na picha ya mmea wenye vitunda vyekundu, kila kimoja ndani ya kifuko chepesi kama karatasi. Niliutambua kabla sijasoma neno. Nikafungua kizibo, nikanusa. Ilikuwa harufu ya punda aliyelowa jasho. Nikakirudisha kizibo upesi, nikamwambia Neema asante.

Baba yangu alikuwa mfugaji. Mwaka mmoja wezi wa ng'ombe walimvamia bondeni akiwa na mdogo wake. Baba mdogo walimkatakata mapanga mbele ya macho yake. Baba mwenyewe walimchana mgongo, wakamwacha wakidhani amekufa. Alirudi nyumbani hai, lakini usingizi wake haukurudi naye. Akisinzia kidogo tu, aliamka akipigana. Alfajiri moja Mama alimwinamia amfunike blanketi, Baba akamkaba koo. Niliamshwa na miguu ya Mama ikipiga sakafu. Macho ya Baba yalikuwa wazi, lakini hayakuwa yanaona chochote. Mama alimng'ata mkono mpaka damu ikatoka, ndipo akaachia. Kisha Baba akakaa chini akalia kwa sauti, akimwita marehemu mdogo wake.

Siku hiyo Mama alikwenda kisimani amejifunga kitenge shingoni. Wenzake aliwaambia anaumwa mafindofindo.

Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyekata shauri la kuchimba mzizi.

"Mama, watu watasemaje?" Mama alimuuliza.

"Wakisema, tutasikia. Mwanangu akikuua, tutazika."

Alikwenda kuuchimba mbali, ng'ambo ya korongo, ili kama maneno ya wazee ni kweli, usingizi utakaovutwa uwe wa fisi. Ndivyo alivyotuambia, na tukacheka. Tulikuwa hatujacheka siku nyingi. Aliuchemsha kwenye maziwa, na kila jioni Baba akawa anakunywa huku amekunja uso. Haikuwa miujiza. Alianza kwa kulala kidogo, kisha zaidi kidogo, mpaka Jumapili moja akasinzia kanisani, akakoroma katikati ya mahubiri. Watu wakaangua kicheko. Mama alicheka hadi akafuta machozi.

Jirani yetu Mama Elia hakucheka. Mtoto wake mchanga alikuwa na homa, analia tangu jioni mpaka kunakucha, na ndani ya nyumba yao hakuna aliyekuwa anafumba macho. Aligeuza shingo taratibu, akamtazama Baba akikoroma. Akaendelea kumtazama mpaka ibada ikaisha.

Haukupita muda, yule mtoto akafa.

Kesho yake baada ya mazishi, jua likiwa utosini, Bibi alikuwa uani akipeta uwele, mimi kando yake namenya karanga. Mama alikuwa kisimani, na Baba alikuwa amejilaza ndani. Wakaingia wanaume na fimbo na mipini ya majembe, Baba Elia akiwa mbele. Mdogo wake Baba Elia, kijana aliyezoea kumbebea Bibi ndoo ya maji, akasema kwa mazoea tu:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Poleni na msiba."

"Rudisha ulichochukua," Baba Elia alisema. Macho yake yalikuwa mekundu na midomo imempasuka.

"Mwanangu, ningekuwa na uwezo wa kuchukua vya watu, ningechukua ile homa."

Fimbo ya kwanza ilipasua ungo, ya pili ikampata Bibi mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Kumbe ni sauti ndogo, kama kijiti kikavu unapokivunjia gotini, na hadi leo nikisikia mtu anavunja kuni nainuka nilipokaa. Uwele ukamwagika, wakaukanyaga. Bibi hakupiga yowe. Alijikunja, akaficha kichwa, wakampiga mgongoni na miguuni. Yule kijana aliyemwamkia naye alipiga, huku analia.

Nikakimbilia ndani. "Baba! Wanamuua Bibi!"

Hakuamka. Nilimtikisa, nikamvuta miguu, mwisho nikamzaba makofi ya uso, mimi mtoto wa kike kumpiga baba yangu. Alipofungua macho, yalikuwa yale yale ya alfajiri ile. Akanirusha ukutani, akashika panga, akatoka.

Hakuwaona majirani. Nina hakika aliona bonde na wale wezi. Panga lilimshukia Baba Elia begani, kisha kwenye mkono alioinua kujikinga. Wenzake walitupa fimbo wakatimua mbio. Baba Elia akaanguka kwenye uwele, damu ikiruka, na Baba akainua panga tena. Hapo Bibi, akiwa bado amelala chini, akamwita kwa jina lake la utotoni ambalo mimi sikuwa nimewahi kulisikia.

Baba akasimama. Akatazama damu, akamtazama aliyelala mbele yake, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni.

"Huyu si Baba Elia?"

"Ndiye, Baba."

Akaliachia panga. Akavua shati, akapiga magoti, akaanza kumfunga jirani yake mkono, akirudia kusema, "Tulia, ndugu yangu, tulia, usilale, usilale." Mama alipofika kutoka kisimani aliwakuta hivyo.

Baba Elia hakufa, lakini mkono ule ulikatwa hospitalini. Baba alifungwa miaka mingi, na baadhi ya waliompiga Bibi nao wakafungwa. Mkono wa Bibi uliunga vibaya. Tangu siku ile alisongewa ugali na Mama. Familia ya Baba Elia ilihama, nikasikia wako upande wa Busi, na nyumba yao ikaanguka yenyewe mvua za mwaka uliofuata. Kijijini wapo wanaoapa mpaka leo kwamba onyo la wazee lilitimia. Mzizi mmoja, wanasema, ulizimaliza kaya mbili.

Sibishani nao. Nikiwa mtu mzima nimejiuliza sana kuhusu ile homa, ambayo pengine ilikuwa malaria ya kawaida, na kuhusu zahanati iliyokuwa mbali kiasi kwamba mama mwenye mtoto mgonjwa alikwenda kanisani badala yake. Hakuna aliyebeba fimbo kwenda kuuliza habari ya zahanati. Kulikuwa na mwanamke mzee jirani, na msiba unataka mahali pa kushukia. Yule kijana aliyelia huku anapiga, naamini alimpenda Bibi. Nimeishi nikijua kwamba mtu anaweza kukuamkia kwa heshima na kukuvunja mkono kabla hujamaliza kuitikia, wala asiwe mnafiki.

Baba alitoka gerezani akiwa na mvi kichwa kizima. Bibi alikuwa ameshafariki. Nilikwenda likizo kumwona, tukakaa nyuma ya nyumba tukipukuchua mahindi, na nikapata ujasiri wa kumuuliza.

"Baba, kule gerezani ulikuwa unalalaje bila ule mzizi?"

"Nililala vizuri sana, mwanangu. Tangu siku ya kwanza."

"Hukuogopa?"

Akachagua punje mbovu kwa kidole.

"Kule mlango walikuwa wanaufunga kwa nje," alisema.

Wakati ule nilidhani anazungumzia wezi, kwamba wasingeweza kuingia kumfuata. Niliolewa, nikazaa, nikalala kitanda kimoja na watu ninaowapenda, ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anatuzungumzia mimi na Mama.