Honi ya Mchana

Miaka ile nilipokuwa nikitengeneza umeme wa magari mjini Machakos, sikuwa mtu wa kuamini mashetani. Gari likifanya vituko, kuna waya mahali. Basi mjane mmoja wa upande wa Katelembo aliponieleza kwamba pikapu ya marehemu mumewe ilikuwa ikijipigia honi mchana, nilicheka. Yeye hakucheka.

"Fundi, hii honi itaniulia mama," alisema.

Mama alikuwa mama mkwe wake. Marehemu alizoea kuja nyumbani kwa chakula cha mchana. Akipiga honi, mamake anamfungulia geti. Sasa kila honi ilipolia, ajuza yule aliacha alichokuwa akifanya, akaenda mbio getini kwenye jua kali. Siku chache kabla, alikuwa ameanguka njiani.

"Si mngechomoa tu betri?" nikauliza.

"Tangu tumzike hakuna mtu ameshika hiyo gari. Wewe ungeshika?"

Hitilafu inayokuja na kwenda haitafutwi, husubiriwa. Nilifika kwake kabla ya mchana, nikakaa kwenye kiti cha dereva na taa yangu ya kupimia, jasho likinitiririka. Koti la marehemu lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya kiti. Mama alikuwa kibarazani akichagua maharagwe. Akaweka ungo chini, akasimama, akaanza kuelekea getini. Ndipo honi ikalia. Nimeurudia mpangilio huo kichwani mara nyingi mno, na sijakosea: alisimama kwanza. Niliogopa, sitaki kudanganya.

Lakini mikono ilijua kazi yake. Nilifungua kifuniko cha chini ya usukani nikakuta waya wa honi umechubuka. Jua likipasha chuma moto, chuma kinatanuka, kinagusa pale palipochubuka, honi inalia. Ni hayo tu. Nikaufunga kwa tepu na kuusogeza kando. Mjane alinishukuru huku akilia.

Kesho yake nilirudi kuhakikisha. Jua lilikuwa kali kuliko jana, na honi kimya. Mama akasimama vilevile, akatembea polepole, akafungua geti pande zote mbili. Akangoja akiitazama barabara ya vumbi, mkono juu ya macho. Mjane alimwita aje kula, hakugeuka. Baadaye akaja hadi kwenye pikapu nilipokuwa. Afadhali angekuja na hasira.

"Ni wewe umeinyamazisha?"

"Ndiyo, mama. Ni waya tu ilikuwa imeharibika."

Akaipapasa boneti, polepole, kama anayemfuta mtoto jasho.

"Sasa ataniita na nini?"

Nilikusanya vifaa vyangu bila hata kuaga vizuri. Geti lilikuwa bado wazi, mama amesimama kando yake akiwa ameacha nafasi ya gari kupita. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba, nikajipenyeza kwenye ua wa miti, nikatokea shambani.