Gari Lililokosa Uzito Njia ya Mamba

Kama hutaki kuamini, sikulazimishi. Ila usije ukaniambia niliota. Ilikuwa mchana, nilikuwa macho, sina homa, na shemeji yangu alikuwa pembeni yangu ameshika usukani. Yeye halisemi jambo hili. Ukimuuliza anageuza maneno, anakuuliza habari za mvua. Basi nitasema mimi.

Nina duka la vitenge hapa Same mjini. Mume wangu yuko kazini Mtwara, kwa hiyo mambo ya ukweni kule milimani mara nyingi huniangukia mimi. Masika hayo, asubuhi moja, nikapigiwa simu kutoka Mamba, kijijini kwao: mama mkwe ameteleza kwenye shamba lake la tangawizi, mguu umevunjika, yuko kitandani anaugulia. Mvua ilikuwa haijakatika siku nyingi. Pikapu zinazoshusha tangawizi zilikuwa zimegoma kupanda. Na mtu aliyevunjika mguu utampakiaje kwenye bodaboda?

Kwa bahati Elibariki, mdogo wake mume wangu, alikuwa amefikia kwangu akitokea Dar na gari lake jipya la umeme. Gari lenyewe jeusi, pana, linang'aa, limekaa chini kama paka anayevizia. Usiku kucha lilikuwa limekunywa umeme wa luku yangu.

"Twende tukamchukue mama," akasema. "Hili halishindwi na mlima."

Nikwambie ukweli, mwanzoni nilifurahi. Kwenye lami alinionyesha nguvu yake. Alikanyaga mafuta (sote tunasema mafuta, ingawa hamna hata tone), na kichwa changu kikabamizwa kwenye kiti kabla sijamaliza kusema "Yesu wangu". Hakuna mngurumo, hakuna kubadili gia. Nguvu yote inakuja papo hapo.

"Kwa nini haliserereki?" nikamuuliza.

"Kompyuta, shem. Inasikiliza kila gurudumu. Likianza tu kuteleza, inalipunguzia nguvu mpaka lishike tena. Ndiyo inaitwa trakshen." Akacheka. "Bila hiyo, nguvu hii ingetuua."

Tukapita Kisiwani, tukaiacha tambarare, tukaanza kupanda. Mvua ilikuwa imekatika, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Unaujua ule ukungu wa upareni? Hauji kama wingu. Unakuja kama mtu anayeingia chumbani polepole ili asikuamshe. Migomba ikapotea, kisha kingo za barabara, kisha pua ya gari lenyewe. Nikasikia jogoo akiwika mbali chini yetu, nikahisi kama tunapita juu ya paa za watu.

Tulipoingia kwenye udongo mwekundu, gari likaanza kusitasita. Taa ndogo ya njano kwenye dashibodi, ile yenye picha ya gari linaloacha mistari ya nyoka, ikawa inawaka na kuzimika. Elibariki anakanyaga, kompyuta inakataa. Tukaenda hivyo kidogo, kisha tukasimama kabisa.

"Kompyuta imekuwa mwoga," akasema. Akagusa kioo cha dashibodi, akaizima.

Heri asingeizima. Gari la mafuta likikwama hupiga kelele, unajua linapambana. Hili lilizungusha magurudumu yake kimyakimya, huku udongo unaruka madirishani na nyuma inakwenda upande, upande, kuelekea kwenye korongo. Akaachia haraka. Akaiwasha kompyuta tena, akashuka kutazama tairi, nami nikashuka kidogo kisha nikarudi ndani. Zilikuwa pana, za kutembelea lami ya mjini. Kashata zake, yale meno ya tairi, zilikuwa zimejaa udongo hadi tairi zima limekuwa laini kama kipande cha sabuni.

"Nguvu ipo," akasema, akifuta mikono. "Pa kuishikia ndipo hapapo."

Wakati huo ndipo nilipomwona yule binti.

Alikuwa amesimama upande wangu, karibu na kioo. Sikumwona akija. Amejifunga kanga mbili, na kichwani ana mzigo mdogo uliofungwa kwa majani ya mgomba. Nikatazama miguu yake, kwa sababu mimi nilikuwa nimechafuka hadi magotini kwa kushuka mara moja tu. Ya kwake ilikuwa mitupu, mikavu, misafi, kama mtu aliyetoka kuoga akakanyaga mkeka.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi na ukungu huu?"

Akanijibu kwa Kichasu cha zamani, kile Kipare cha bibi zetu, nikakielewa nusu kwa masikio na nusu sijui kwa nini. Hakutaka kupanda gari. Alitaka tumchukulie mzigo wake tu, tumshushie pale juu penye jiwe jeupe.

"Mwambie hatubebi mizigo ya watu," Elibariki akasema akiingia ndani. "Gari lenyewe limeshindwa kujibeba."

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kunyoosha mikono. Ungekataa wewe? Mtoto wa watu, njiani, anaomba kitu kidogo. Nikaupakata. Ulikuwa mwepesi kama kiota, na ulikuwa na joto. Sikuuliza kilichomo, na wewe usiniulize.

Niamini: gari likaketi. Sina neno jingine. Liliketi kwenye ule udongo kama mtu mzima anavyoketi kwenye kiti chake mwenyewe. Elibariki alikanyaga kidogo tu, tukaondoka. Ile taa ya njano haikuwaka hata mara moja. Tulipanda kona baada ya kona, kimya, na tairi zilikuwa zinashika kama vidole. Elibariki akaanza kupiga mluzi.

"Umeona?" akasema. "Lilikuwa linajifunza njia."

Nilikuwa nasikia joto la ule mzigo likipanda hadi kifuani, na macho yakawa mazito kwa raha, kama nilivyokuwa nikisikia utotoni nikibebwa mgongoni.

Kisha jiwe jeupe likatokea kwenye ukungu, na binti alikuwa amesimama kando yake.

Sasa nieleze wewe: tulimwacha chini, kwa miguu, nasi hatukusimama popote. Alipitia wapi? Kanga zake hata hazikuwa na unyevu. Akainua mkono kutusimamisha, taratibu, kama mtu asiye na wasiwasi kwamba utasimama.

"Shem, simama," nikasema. "Anataka mzigo wake."

"Kwenye mlima huu? Nikisimama hapa siondoki tena. Mama anatungoja. Huyo binti atatufuata."

Akakanyaga mafuta. Tukampita.

Kwanza nilisikia kiti kinaniachia. Si kwamba niliruka. Nilikuwa mwepesi tu, kama unavyokuwa ukijilaza ndani ya maji. Mkanda wa usalama ukalegea ukawa unaelea mbele yangu. Taa ya njano ikawaka, ikabaki imewaka. Magurudumu yalikuwa yanazunguka lakini hayakugusa kitu, na usukani ulizunguka wenyewe bila kugeuza chochote. Gari likaanza kwenda ubavu, polepole mno, kuelekea upande ambao hapakuwa na barabara tena. Chini kulikuwa na weupe mtupu.

Na sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Ilikuwa tamu. Nilimtazama Elibariki, nikaona ametoa mikono yote miwili kwenye usukani, anatabasamu kama mtoto aliyelala. Nikawaza: sawa, acha twende.

Kilichoniamsha ni maumivu. Kadiri gari lilivyokuwa jepesi, ndivyo mzigo mapajani mwangu ulivyokuwa mzito. Uzito wote wa gari, betri na sisi wenyewe ulikuwa umehamia pale. Mapaja yalitaka kupasuka. Nikashusha kioo. Nikajaribu kuuinua nikashindwa. Nikapiga kelele:

"Pokea mzigo wako, mwanangu! Utusamehe!"

Mkono ukaingia dirishani. Mkono wa kike, mkavu, na bangili moja ya shaba. Ukauchukua ule mzigo kwa vidole viwili, kama unavyookota unyoya.

Gari likaanguka juu ya magurudumu yake kwa kishindo. Lilipotulia, tairi la mbele upande wangu lilikuwa limekaa kwenye ukingo kabisa. Nilichungulia nikaona nyasi zimelala chini yake, na baada ya nyasi hakuna kitu. Elibariki alikuwa analia bila sauti. Alirudisha gari nyuma, polepole. Penye jiwe hapakuwa na mtu.

Kufika, tulifika. Majirani walimbeba mama kwenye godoro wakamlaza kiti cha nyuma, mguu umefungwa vipande vya mbao. Kila akitikiswa alikuwa anapiga ukelele.

Kushuka ndiko Elibariki alikokuwa anakuogopa zaidi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba gari hilo ukiinua tu mguu kwenye mafuta, mota zenyewe zinashika breki, na kwenye utelezi breki hiyo inaweza kuivuta nyuma ya gari ikaja mbele. Akashuka kama mtu anayetembea juu ya mayai. Hatukuteleza hata kidogo.

Tulipokaribia jiwe jeupe alisimamisha gari mwenyewe, bila kuambiwa. Akazima kila kitu. Mlango wa nyuma haukufunguka, naapa haukufunguka.

"Marahaba, mwanangu," mama mkwe akasema huko nyuma.

Nikageuka. "Mama, unamwitikia nani?"

"Si huyu binti? Ninyi hamjasikia anavyosalimia vizuri?" Uso wake ulikuwa umelegea, hauna maumivu tena. "Amekaa hapa miguuni. Ameupakata mguu wangu. Hauumi sasa, endesheni tu."

Tuliendesha hadi tambarare. Mama alilala usingizi mzito. Hospitalini alifungwa plasta, mguu ukaunga vizuri, na leo anapanda shambani kwake kwenye tope bila fimbo. Majirani wanasema hatua zake zimekuwa nzito. Akipita nyuma ya nyumba unasikia ardhi.

Elibariki ndiye asiyeisikia ardhi. Anateleza sebuleni kwenye sakafu kavu. Anatembea ameshika ukuta, kijana yule, na madaktari hawaoni ugonjwa. Gari ameliwekea tairi nyingine zenye kashata nene, mafundi wamebadilisha vifaa vyote vinavyopima magurudumu. Akiendesha mtu mwingine, hamna shida. Akikaa yeye, hata kwenye lami iliyochomwa na jua, ile taa ya njano inawaka. Amekwishaacha kuendesha.

Na mimi? Wateja wangu wakija na watoto wachanga huwa wananipa niwapakate wakati wanachagua vitenge. Hata anayelia namna gani, akigusa mapaja yangu hulala papo hapo. Mama zao wanacheka, wanasema nina baraka. Mimi huwa nawahi kuwarudishia watoto wao.

Kwa hiyo nakuomba wewe utakayepanda Mamba siku ya ukungu, uwe na gari la nguvu gani, la kompyuta gani. Ukiombwa kubeba mzigo, ubebe. Usiufungue. Na ukifika penye jiwe jeupe, simama. Utadhani ukisimama hapo hutaondoka tena. Simama hivyohivyo.